Kumwacha mtoto kituoni au kumchukua, hata kama ni kwa muda

Swali

Shikamoo daktari. Mimi na mume wangu tumeshakubaliwa kuwa walezi wa kambo, na tumeambiwa kuna mtoto wa kiume wa miezi 16 ambaye yuko kituoni tangu ana wiki chache. Kituo ni kisafi, watoto wanakula vizuri na wahudumu wana moyo. Ustawi wa jamii bado wanawatafuta ndugu zake, kwa hiyo anaweza kukaa kwetu mwaka mmoja au miwili kisha akaondoka. Mama mkwe anasema tumwache alipozoea, maana tukimchukua halafu ndugu wakapatikana tutakuwa tumemvunja moyo mara mbili. Mimi kinachonichanganya ni kitu kingine. Siku tuliyomtembelea alinijia mikono wazi, akanikumbatia kana kwamba ananijua, na alipopita mgeni mwingine akamfuata huyo. Wahudumu wakasema ana roho nzuri, anampenda kila mtu. Je, kituo kizuri kinaweza kweli kumdhuru mtoto mdogo? Na mama mkwe ana hoja?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Mchukueni. Nimetanguliza jibu kwa sababu mtoto wa umri huo hana miezi ya kupoteza, na maelezo yangu ni marefu. Mama mkwe wako naye nitamjibu kwa heshima, kwani hofu yake ina msingi. Ila ameielekeza pasipo pake.

Tuanze na kituo. Unasema ni kisafi na wahudumu wana moyo, nami nakuamini. Watu wakisikia kwamba vituo hudumaza watoto hufikiri yanasemwa makao ya watoto wanaopigwa na kulala njaa. Yapo ya namna hiyo, na madhara yake hayahitaji mtaalamu kuyaeleza. Swali gumu ni hilo lako: kituo chema kina kasoro gani?

Kasoro yake ni zamu. Mtoto mchanga hujifunza kwa kujibiwa. Analia, mtu anakuja. Anatabasamu, na uso ulio mbele yake unatabasamu. Anatoa sauti isiyo na maana, naye anarudishiwa sauti. Siku nzima inakwenda hivyo, mara nyingi kuliko mama yeyote anavyoweza kuhesabu, na ubongo ambao katika miaka hiyo unaunda miunganiko yake kwa kasi kubwa unategemea majibu hayo ili ujue miunganiko ipi iimarishwe. Lakini si kujibiwa tu. Ajibiwe na mtu yuleyule, au na watu wachache walewale, kwa sababu mtoto anajifunza pia kumsoma mtu. Huyu akiinua nyusi hivi anatania. Huyu nikimlilia usiku huja. Bila mtu wa kumsoma kila siku, somo hilo huanza upya kila asubuhi.

Sasa fikiria siku ya kituoni. Mhudumu wa asubuhi anaondoka mchana, wa mchana anaondoka usiku. Kuna siku za mapumziko, kuna likizo, kuna kuugua, kuna kuacha kazi. Watoto wenyewe huhamishwa chumba kadiri wanavyokua, na huko chumba kipya kina wahudumu wapya. Watafiti waliofanya kazi katika makao ya watoto wachanga ya St Petersburg, Urusi, walikuta kwamba mtoto mmoja hupitia mikononi mwa wahudumu kati ya 60 na 100 kabla hajatimiza miaka 2. Si lazima hata mmoja wao awe mtu mbaya. Mhudumu mwenye watoto wanane na nepi nane anafanya kazi kwa ratiba: wote wanalishwa saa ileile, wote wanalazwa saa ileile. Anayelia kabla ya saa yake anangoja. Akingoja vya kutosha, anaacha kulia. Wageni walioingia katika vituo vya Romania baada ya mwaka 1989, utawala wa kikomunisti ulipoanguka, walisimulia vyumba vilivyojaa vitanda vya watoto wachanga, vikiwa kimya. Ukimya wa namna hiyo husifiwa mara nyingi kuwa ni utulivu. Mimi ukinipeleka kwenye chumba cha watoto ishirini kisicho na kilio, nitaogopa.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1945 daktari René Spitz alilinganisha watoto wachanga wa makao mawili. Moja lilikuwa chumba cha watoto ndani ya gereza la wanawake, ambamo mama wafungwa waliwalea watoto wao wenyewe. Jingine lilikuwa makao ya watoto waliotupwa, safi, yenye chakula na uangalizi wa daktari, ila muuguzi mmoja alikuwa na watoto wanane hivi. Watoto wa gerezani walistawi. Wale wa makao safi walidumaa mwili na akili, wakawa wepesi wa kuugua, na zaidi ya theluthi walikufa katika miaka miwili. Kwa vipimo vya leo utafiti wa Spitz una matundu mengi, nami nisingejenga hoja nzima juu yake. Lakini usafi na lishe, ambavyo ndivyo unavyovisifu katika kituo chenu, vilikuwepo pale.

Kuna kisa kingine cha miaka ya 1930, katika jimbo la Iowa, Marekani, ambacho huwa nawasimulia walezi wanaodhani kulea mtoto wa kituoni ni kazi ya waliosomea. Mwanasaikolojia Harold Skeels aliwahamisha watoto 13 waliokuwa wameonekana kuwa na akili nzito kutoka kwenye makao ya yatima yaliyojaa, akawapeleka kuishi kwenye taasisi ya wanawake na wasichana wenye ulemavu wa akili. Kila mtoto akapata mwanamke aliyemfanya wake, akambeba, akacheza naye, akajivunia hatua zake. Kwenye kipimo cha akili watoto hao walipanda kwa wastani wa alama zipatazo 28. Wenzao 12 waliobaki kwenye makao ya yatima walishuka kwa alama zipatazo 26. Watoto hawa walikuwa wachache na leo hakuna anayeruhusiwa kufanya jaribio kama hilo, lakini kinyume cha matokeo hayo sijakisoma popote.

Utafiti unaobeba uzito zaidi ni ule wa Bucharest, mji mkuu wa Romania, kwa sababu ulitumia kura ya bahati nasibu. Kwa kawaida ukilinganisha watoto wa vituoni na wa majumbani, mtu atakuambia: huenda waliochukuliwa na familia ndio waliokuwa na afya tangu mwanzo, maana watu huchagua. Hoja hiyo ni ya haki. Kuanzia mwaka 2001 Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwachukua watoto 136 wa umri wa miezi 6 hadi 31 kutoka vituo sita vya mji huo, wakapiga kura ya bahati nasibu kuamua nani aende kwenye familia na nani abaki. Nusu walikwenda kwa familia za kambo zilizotafutwa, zikafunzwa na kulipwa kwa ajili ya kazi hiyo. Nusu waliendelea na malezi ya kawaida ya mfumo, kwani kabla ya utafiti huo familia za kambo mjini humo zilikuwa haba mno. Walikubaliana kwamba mtoto aliyepata familia hatarudishwa kituoni, na kwamba aliyebaki kituoni nafasi ya familia ikitokea asizuiwe. Wengi wa waliobaki walitoka baadaye, lakini kwenye hesabu waliendelea kuhesabiwa na kundi lao la mwanzo. Maana yake ni kwamba tofauti nitakayokutajia imepunguzwa, haikutiwa chumvi.

Walipofika miaka minne na nusu, waliopelekwa kwenye familia walikuwa na wastani wa alama 81 za akili, waliobaki 73. Watoto wa mji huohuo ambao hawakuwahi kuishi kituoni walikuwa na 109. Ukitazama haraka utasema familia ilisaidia kidogo tu. Lakini wastani huo unachanganya waliotoka mapema na waliochelewa. Walipopimwa wakiwa na miaka mitatu na nusu, waliofika kwenye familia kabla ya miezi 18 walikuwa na alama 94. Wa miezi 18 hadi 24 walikuwa na 89. Waliotoka baada ya miezi 24 walikuwa na 80 hivi, na kwao hapakuwa tena na tofauti kati ya aliyetoka na miezi 26 na aliyetoka na miezi 31.

Mtoto wenu ana miezi 16. Ndiyo sababu nimeanza barua kwa neno moja.

Sipendi uchukue namba hizo kama mlango unaofungwa kwa kufuli siku ya kutimiza miaka miwili. Haziko hivyo, na kila eneo la makuzi lina majira yake. Lugha haifuati kalenda moja na hisia, wala hisia na mawimbi ya umeme ya ubongo. Utafiti mwingine, wa Michael Rutter na wenzake, uliwafuatilia watoto walioasiliwa Uingereza kutoka vituo vya Romania. Waliotoka kabla ya miezi 6 walikua bila kutofautiana sana na wenzao wa Uingereza. Waliokaa zaidi ya hapo wengi walikuwa na matatizo ya utulivu na ya mahusiano yaliyoendelea hadi utu uzima, ijapokuwa vipimo vyao vya akili vilipanda miaka ilivyosonga, na mmoja kati ya watano hivi hakuwa na tatizo lolote la kupimika. Vituo vile vilikuwa vibaya kupita kiasi. Chenu sivyo kilivyo. Kwa hiyo nisingependa utazame miezi 16 ya huyu mtoto kama hasara iliyokwisha kuandikwa.

Hapo ndipo mtu wa kituo atasema: basi tukiboresha kituo, tukaongeza wahudumu na vitu vya kuchezea, hoja imekwisha. Imekwisha nusu. Barbara Tizard aliwachunguza watoto wa makao ya London miaka ya 1960 na 1970. Makao yale yalikuwa na wahudumu wa kutosha, vitabu na vitu vya kuchezea, na akili za watoto zilikuwa za kawaida kabisa. Lakini sera ya makao ilikuwa kuwazuia wahudumu wasiwe karibu mno na mtoto mmoja, kwa hofu ileile ya mama mkwe wako, kwamba mtoto ataumia wakiachana. Kufikia miaka minne na nusu mtoto alikuwa amelelewa na watu wapatao 50. Wengi walikuwa wanang'ang'ania kila mtu, au hawajali mtu yeyote. Lugha na akili zinaweza kujengwa na kundi la watu wazima wanaobadilishana, mradi wanaongea na mtoto. Kumwamini mtu ni jambo jingine. Hilo halijengwi kwa zamu.

Nikuambie pia upande wa pili, maana utakutana nao. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009 uliwahusisha watoto yatima na waliotelekezwa katika Kenya, Tanzania, Ethiopia, India na Kambodia. Ulikuta kwamba waliokuwa vituoni kwa wastani hawakuwa na hali mbaya kuliko waliokuwa wakilelewa na familia mitaani, si kwa afya, si kwa hisia, si kwa masomo. Wenye vituo huutaja sana, nami siubishii. Lakini watoto hao walikuwa wa miaka 6 hadi 12. Mtoto wa miaka minane ana lugha, ana marafiki, na mara nyingi ana kumbukumbu ya mtu aliyempenda kabla. Anaweza kustawi mahali ambapo mchanga angesinyaa. Ukichukua utafiti huo ukautumia kumweka mtoto wa miezi 16 kituoni, umeupeleka mahali usipofika. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa mwaka 2009, unatenganisha umri hivyohivyo: unasema watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 3, walelewe katika mazingira ya familia, na kuweka kituoni kuwe kwa dharura au kwa muda mfupi uliopangwa.

Sasa mama mkwe. Hoja yake ni kwamba mtoto akishikamana nanyi kisha akaondoka, ataumia. Ataumia, ndiyo, na nyinyi pia. Lakini anachodhani ni kwamba akibaki kituoni hataumia. Yule mtoto tayari anaachwa: anaachwa kila zamu inapobadilika, ila kuachwa kwenyewe ni kudogokudogo na hakuna wa kukuona. Mtoto aliyeshikamana na mtu mmoja akatenganishwa naye hubaki na uwezo wa kushikamana, na uwezo huo huuhamishia kwa mwingine akisaidiwa. Kule Bucharest, wakiwa na miezi 42, karibu nusu ya waliopelekwa kwenye familia za kambo walikuwa wameshikamana na mlezi wao kwa usalama, yaani wakimtegemea kuwa atawafariji; miongoni mwa waliobaki hawakufika hata mmoja kati ya watano. Kwa watoto wa kawaida wa mji huo walikuwa takribani wawili kati ya watatu. Anayekuja kwenu kwa miaka miwili na kujifunza kupenda anaondoka na mali. Anayekaa kituoni miaka hiyohiyo ili asiumizwe anaondoka mikono mitupu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Uingereza, mume na mke, James na Joyce Robertson, walifanya jambo ambalo watafiti wengi hawalithubutu: waliwachukua wao wenyewe nyumbani kwao watoto wanne, mmoja baada ya mwingine, wakati mama zao wamelazwa hospitali, wakawalea kwa siku 10 hadi 27. Watoto walikuwa na umri kati ya mwaka mmoja na miezi mitano na miaka miwili na miezi mitano. Walisononeka, walimuulizia mama, wengine walikuwa wakali, lakini walikula, walicheza na waliporudi nyumbani walimpokea mama. Robertson hao walimfuatilia pia mtoto wa tano, wa miezi 17, aliyewekwa siku 9 katika makao ya watoto yenye wauguzi wapole wanaobadilishana zamu. Siku za kwanza alijaribu kumchagua muuguzi mmoja awe wake. Kila alipompata, zamu ya muuguzi huyo ilikuwa imekwisha. Siku za mwisho alikuwa halii kwa nguvu tena wala hachezi, na mama alipokuja kumchukua alimsukuma. Siku 9. Mpe mama mkwe kisa hicho, si takwimu zangu. Bibi yeyote aliyelea atakielewa.

Hapo ndipo hofu yake inapofaa kuelekezwa: isiwe kwa nyinyi kumchukua, iwe kwa namna ya kuondoka na kwa idadi ya kuhama. Malezi ya kambo si dawa ya kunywa na kupona. Mahali pengi mtoto hutolewa familia moja akapelekwa nyingine, na nyingine, kwa sababu mlezi amechoka, au tabia ya mtoto imemshinda, au makaratasi yamekosewa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliwalinganisha watoto wa malezi ya kambo waliopata utulivu na waliohamahama, ukazingatia pia matatizo waliyokuja nayo. Waliohamahama walikuwa na hatari ya matatizo ya tabia iliyozidi kwa asilimia 36 hadi 63, hata wale walioingia wakiwa watulivu. Kwa hiyo swali la kujiuliza wewe na mume wako usiku si kama ndugu watapatikana. Jiulizeni kama, miezi mitatu akiwa kwenu hajalala usiku na amevunja kila kitu, mtampigia simu afisa ustawi wa jamii aje amchukue. Kama jibu ni huenda, ngojeni kwanza. Hilo ndilo sharti pekee ninaloliweka juu ya neno langu la kwanza.

Na msijizuie kumpenda. Walezi wa kambo wengi hujiwekea mpaka: nitamlea vizuri lakini moyo nitauficha, si wangu huyu. Mary Dozier amewachunguza walezi wa kambo kwa miaka mingi, na katika kazi yake kuna jambo moja linalojirudia: mtoto mdogo huona kama mlezi amemchukulia kuwa wake au la, na hali yake hufuata hapo. Pia aligundua kwamba watoto hawa mara nyingi huwafundisha walezi wao kutowahitaji. Mtoto anaanguka, anaumia, haji kwako, anageukia ukuta. Mlezi mwema anasema, basi, hataki kubembelezwa, nimwache. Wawili wanaachana hivyohivyo ndani ya nyumba moja. Wewe mwendee. Mbembeleze yule asiyeomba kubembelezwa. Utajihisi mjinga wiki za kwanza, si kitu, mradi usimlazimishe akijikunyata. Kaa karibu, sema naye, ngoja.

Linalokuchanganya, kule kukumbatia. Ulifanya vyema kuona kwamba si la kawaida. Kuanzia miezi minane hivi mtoto anayelelewa na watu wake humwogopa mgeni: hujificha nyuma ya mguu, hutazama uso wa mama kwanza. Kuogopa huko ni dalili njema, kwa sababu anajua nani ni wake. Mtoto anayemwendea yeyote bila kutazama nyuma anaonyesha kwamba hakuna wa kumtazama. Si roho mbaya, wala si upendo kama wahudumu walivyosema; ni njia aliyoigundua ya kupata mikono ya kumbeba mahali penye mikono mingi na muda mchache. Siwezi kusema kwa tukio moja kwamba ana tatizo. Lakini uwe tayari, kwa sababu kati ya dalili zote za watoto wa vituoni hii ndiyo inayochelewa kuondoka. Ile ya kujikunyata na kutotaka mtu huisha kwa wengi wakipata familia. Hii ya kumfuata kila mtu inaweza kubaki hata mtoto akiwa ameshikamana nanyi vizuri, na isikukatishe tamaa ukafikiri hakupendi.

Kwa hiyo miezi ya mwanzo msimpitishe mikononi mwa ukoo mzima. Najua itakuwa vigumu, watu watataka kuja kumwona, na mtoto mwenyewe atawachekea wote na wote watasema hana shida. Wanaomlisha, kumwogesha, kumlaza na kumbembeleza akiumia wawe wewe na mume wako tu. Wageni waje, wacheze naye, lakini akilia arudishwe kwako. Mama mkwe akiwa anaishi nanyi awe wa tatu. Asiwe na wa nne kwa muda. Kazini ombeni likizo kadiri mtakavyoruhusiwa. Kumtoa kituoni Jumapili na kumpeleka kwa yaya mgeni Jumatatu ni kumrudisha kwenye zamu.

Mengine nitayapitia upesi kwa sababu hayatishi. Anaweza kujitikisa mbele na nyuma, hasa wakati wa kulala. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijibembeleza mwenyewe, na hupungua akibembelezwa. Anaweza kula bila kushiba au kuficha chakula. Usimnyime, usimfokee. Anaweza kuamka usiku akakaa kimya macho wazi bila kukuita, kwa hiyo weka kitanda chake karibu na chenu umsikie akipinduka. Lugha itakuwa nyuma. Ongea naye wakati wa kila kitu unachofanya, hata kumenya viazi, na msipime maendeleo yake kwa kumlinganisha na binamu wa umri wake. Mwili ndio utakaowashangaza kwanza. Katika utafiti wa Bucharest urefu na uzito wa waliokwenda kwenye familia vilikaribia vya watoto wengine ndani ya miezi 12, ingawa chakula cha kituoni hakikuwa haba. Mtoto anayeishi katika msongo wa muda mrefu hukua polepole hata akila. Mpelekeni kliniki mapema apimwe masikio na macho pia, kwa kuwa mtoto asiyeitikia jina lake huenda hasikii tu, na jambo rahisi kama hilo hufichwa na hadithi kubwa ya kituo.

Siku ndugu wakipatikana, msiichukue kuwa ni msiba. Tafiti zilizolinganisha malezi ya ndugu na ya familia zisizo na undugu zinaonyesha kwamba waliolelewa na ndugu kwa kawaida huhamahama kidogo na huwa na matatizo machache ya tabia. Kinachoumiza ni makabidhiano ya saa moja, begi mlangoni. Ombeni wiki kadhaa. Waje ndugu kwenu wamlishe mbele yako, kisha wamlaze mbele yako, kisha alale kwao usiku mmoja arudi. Robertson walikuwa wakimtembelea mtoto na mama yake kabla ya siku yenyewe, wakajifunza anavyokula na anavyolazwa, wakampokea pamoja na blanketi lake na kitu chake cha kuchezea, na walimtaja mama yake na kumwonyesha picha. Fanyeni hivyo wakati wa kuondoka, na baada ya hapo mumtembelee au mzungumze naye kwa simu. Watakaowaambia kwamba kuonana nanyi kutamchanganya, wakatalieni kwa upole.

Na fanyeni hivyohivyo wakati wa kuja. Huko kituoni kuna mhudumu mmoja ambaye huyu mtoto humpenda kidogo zaidi ya wengine. Karibu kila mtoto anaye, ukiuliza utaonyeshwa. Mtafuteni, mpate kujua anamwimbia nini, anamlaza ubavu upi, na mwombeni aje nyumbani wiki ya kwanza. Kwa afisa ustawi wa jamii msiombe tarehe ya kumchukua tu. Ombeni pia ruhusa ya kwenda kituoni kila siku kabla ya tarehe hiyo, saa ileile, mumlishe na kumwogesha nyinyi.